Nyumba ya babu na pesa ya likelemba

Kaka yangu mukubwa anataka tuweke pesa yote ya likelemba (kikundi ya kuchanga pesa na kupokea kwa zamu) kwa kutengeneza nyumba ya babu hapa Bukavu, moja ya zile za kona za muviringo, za wakati mji ulikuwa unaitwa Costermansville. Mi naipenda ile nyumba sana, sitaki ianguke, lakini nilimuuliza kitu moja tu: tukipoteza, nani atalipa minervali, pesa ya shule ya watoto? Juu risiki si kujua tu kama mambo inaweza haribika, ni kujua pia ikiharibika tutabaki na nini. Na nyumba ya zamani inaficha mambo, unafungua paa kidogo unakuta mbao zimeoza, ukuta uko na ufa tangu tetemeko la tarehe 3/2/2008, bei inapanda tu. Halafu karatasi ya parseli, ni kusema kiwanja, bado iko kwa jina ya babu, warithi tuko saba, mumoja akikataa kazi yote inasimama, hiyo njo inaniogopesha kuliko hata tetemeko.

Tumekubaliana: kwanza karatasi, wote saba wasaini, kisha paa peke yake mbele mvua ya mwezi wa 9 ianze, na pesa ya miezi sita ya chakula na shule haiguswi. Vyumba vya wageni vyenye kaka anataka vitangoja.