Jalada Tupu

Nilipohitimu shahada ya usimamizi wa rasilimali watu pale Mzumbe, niliamini kwamba kazi itakayonisubiri ni kusaili waombaji, kuandaa mafunzo na kuushauri uongozi kuhusu motisha. Kiwanda kilichoniajiri kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, kilinikabidhi ufunguo wa kabati la chuma lenye majalada ya wafanyakazi wapatao mia mbili, na meneja wangu, mama mmoja mtaratibu aliyekaribia kustaafu, akaniagiza kwa wiki tatu nisifanye jambo jingine ila kuyasoma. Nilidhani ananidharau. Nilikuta mikataba isiyo na saini, mzee mmoja mwenye tarehe tatu tofauti za kuzaliwa, na watu ambao likizo yao ya siku 28 kwa mwaka haikuwa imeandikwa popote, ingawa wenyewe walikumbuka vizuri kwamba hawakuichukua.

Upande wa mishahara sikukawia kuuelewa, kwa kuwa hesabu haina ubishi: michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) ya asilimia 20, ambayo kwa kawaida mwajiri na mfanyakazi hugawana nusu kwa nusu, kodi ya mshahara, ambayo haipaswi kuvuka tarehe 7 ya mwezi unaofuata bila kufika Mamlaka ya Mapato (TRA), na makato ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Makato hayo ya mwisho yalinihusu mimi mwenyewe, hivyo mwezi wa pili nilijikata kwa mkono wangu, nikahakiki, nikaipeleka orodha kwa mhasibu nikiwa nimenuna.

Kilichonifunza kazi ni shauri la mwendesha mashine mmoja. Msimamizi wa zamu alimfukuza getini asubuhi moja kwa kuchelewa, bila barua wala kikao, nasi ofisini tukapata habari baada ya chakula cha mchana. Yule baba hakupiga kelele; kabla siku 30 hazijaisha, tulipokea wito wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi.

Nilifuatana na meneja nikiwa nimebeba jalada. Msuluhishi aliuliza kwa upole barua za onyo ziko wapi, muhtasari wa kikao cha nidhamu uko wapi, na kama mfanyakazi alipewa tuhuma kwa maandishi na angalau saa 48 za kujiandaa, kama Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinavyotaka. Ndani ya jalada mlikuwamo barua ya kuomba kazi, picha mbili ndogo na fomu moja ya likizo. Msimamizi aliapa kwamba alimwonya mara nyingi kwa mdomo, na mimi hadi leo naamini alisema kweli, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtwisha mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki, na kiapo cha msimamizi hakikuweza kuubeba mzigo huo. Tuliafikiana siku ile ile kwamba kampuni imlipe mishahara ya miezi kadhaa. Kurudi kazini hakutaka hata kusikia.

Jambo hilo lilinikera kiasi kwamba wiki iliyofuata nililichukua daftari la mahudhurio, nikalisoma jinsi nilivyoyasoma yale majalada. Yule baba alikuwa amechelewa siku tisa katika miezi miwili, zote zikiwa za zamu ya asubuhi, na katika kila moja ya siku hizo walichelewa pia watu kumi na mmoja wengine, wote wakaao upande wa Chanika. Walikuwa wanapanda basi la kampuni. Ushahidi ambao ungemnusuru ulikuwa kwenye droo yetu wakati wote, nasi tulipeleka Tume picha zake mbili.

Nilimpelekea meneja karatasi yenye tarehe hizo. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, hii ungeiona mwezi uliopita," kisha akampigia simu mtu wa usafiri. Sikujitetea, ingawa moyoni nilijiambia kwamba hata yeye angeweza kuiona.

Basi sasa linaondoka Chanika nusu saa mapema zaidi. Msimamizi yule bado hunipigia simu kunieleza kwamba fulani amemwonya mara kumi. Nami humwomba barua hata moja, halafu humuuliza huyo fulani anakaa wapi na anakuja kazini kwa usafiri gani. Hulalamika kwamba siku hizi ofisi ya utumishi imekuwa kituo cha polisi, kisha hutuma kijana kuchukua fomu.