Besi ya Beseni

Mwenye besi, chombo cha sauti nzito ya chini, alikuwa ameshikwa na homa, ndiyo sababu ya mimi kuingia kwenye duara la wapigaji. Angekuwa mzima, juma lile ningelimaliza kama nilivyolianza: mtazamaji mwenye kiti cha kukunja na kikombe cha kahawa.

Tulikuwa Clifftop, West Virginia, kwenye tamasha la bendi za nyuzi la milima ya Appalachia. Lilianza mwaka 1990 na hufanyika majira ya joto, Julai ikielekea Agosti. Jukwaa lipo na mashindano yapo, ya fidla, ya banjo, ya bendi, hata ya wacheza ngoma ya kugongesha viatu. Lakini wengi hawafuati jukwaa. Wanafunga mahema chini ya miti, wanatandaza maturubai kwa ajili ya mvua, ambayo haikosi, kisha wanakaa duara na kupiga mpaka kuche. Ukitembea usiku unatoka kwenye kibao hiki unaingia kwenye kingine, mithili ya mtu anayekatiza vichochoro vya Ng'ambo, mjini Unguja, msimu wa harusi.

Aliyenipeleka ni rafiki yangu wa chuo, mpiga gitaa, tuliyesoma naye Ohio. Alijua kwamba nyumbani Unguja nilikuwa napiga sanduku, besi ya uzi mmoja inayotengenezwa kwa sanduku la chai, kwenye kidumbak, ule muziki wetu wa harusi, maana nilishamchosha kwa hadithi hizo. Basi usiku ule walipokaa bila besi, akanyanyuka bila kuniuliza, akaenda hema la jirani, akarudi na beseni la bati.

Nilicheka. Lilikuwa sanduku letu lililobadilishiwa mwili. Beseni limefudikizwa, ukingo mmoja umeinuliwa kwa kigogo ili sauti ipate pa kutokea, katikati umechomoza uzi, na uzi umefungwa kwenye mpini wa ufagio. Mkono wa kushoto unavuta mpini kukaza au kulegeza, wa kulia unadonoa. Uzi wenyewe ulikuwa ule wa plastiki wa mashine ya kufyekea majani. Nikaweka mguu juu ya ukingo, nikadonoa mara mbili tatu kutafuta noti ya D, nikaipata.

"Umeshawahi?" akaniuliza mzee wa fidla.

"Kwetu ni la mbao," nikamjibu. Akaitika kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la kawaida kabisa, akaweka fidla yake, si chini ya kidevu bali chini kidogo, karibu na kifua, akaanza.

Hapa lazima niwaeleze wale ambao wakisikia banjo akili inakimbilia bluegrass. Bluegrass ni mtindo wa Kimarekani wa bendi za nyuzi wa miaka ya 1940, na ndani yake kila mpigaji hupewa zamu asimame mbele aonyeshe ufundi wake. Huu muziki wa kale tuliokuwa tukiupiga hauna zamu. Fidla inashika melodi mwanzo hadi mwisho, banjo inaiandama noti kwa noti, gitaa linatia kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, na kutembea kwenye nyuzi nene, besi inakaa chini ya wote. Kibao kina sehemu mbili, kila sehemu inarudiwa, halafu mnaanza upya. Mnazunguka hivyo raundi baada ya raundi mpaka mwenye fidla ainue mguu mmoja juu: hapo kila mtu anajua kwamba hii ndiyo ya mwisho. Aliyewahi kukaa nyuma ya kundi la taarab likipiga bashrafu, kile kibao cha ala kisicho na uimbaji, hatashangaa sana. Wote wamebeba melodi moja, kila mmoja kaipamba kidogo kwa namna ya chombo chake, na hakuna aliye mbele.

Kilichonishangaza mimi ni kukosekana kwa ngoma. Kidumbak bila vidumbak hakipo. Sanduku kazi yake ni kubishana na vile vigoma viwili, kuvikatiza, kuvichokoza. Nilipoanza kubisha, nikakuta hakuna wa kubishana naye. Rafiki yangu akainamisha kichwa bila kuacha gitaa: "Mbili tu. Moja na tano." Yaani noti ya kwanza ya kodi, halafu ya tano, basi. Kodi ikibadilika, nawe unahama. Akanielekezea kwa macho mkono wake wa kushoto, kwamba nitazame vidole vyake, ndivyo vitakavyonipa habari kabla masikio hayajapata.

Ilinichukua vibao kadhaa kutambua ngoma iko wapi. Ilikuwa kwenye banjo. Mpigaji wake, mama mmoja Mwafrika-Mmarekani kutoka North Carolina, alikaa mbele yangu kiasi kwamba mkono wake wa kulia niliuona vizuri kwenye mwanga wa taa ya gesi. Haudonoi kwenda juu kama wa mpiga gitaa. Umekunjwa, unashuka wote kwa pamoja, ukucha unapiga uzi kwa mgongo wake, na kidole gumba kinabaki nyuma kuukwangua ule uzi mfupi wa tano unaolia noti moja siku zote. Ukucha wa kidole kile kimoja ulikuwa wa plastiki, wa saluni, mweupe na mnene. Alisema mtengeneza kucha alimshangaa sana alipokataa nyingine tisa. Chini ya ukucha ule ilikuwa ngozi iliyowambwa. Nilipoanza kuisikiliza ile ngozi badala ya nyuzi, mkono wangu ukatulia wenyewe.

Wapiga muziki huu hupenda kukaa kwenye ki moja, yaani noti moja ya msingi, kwa muda mrefu, kwa sababu ya banjo: ukihama kutoka D kwenda A, nyuzi zinabadilishwa mtindo, na fidla nayo mara nyingi inapandishwa nyuzi zake mbili nene. Ikawa wote wamezama kwenye kutyuni, kuzirekebisha nyuzi zao, mimi na beseni langu tumekaa tu. Mpiga sanduku duniani kote hana cha kutyuni. Ndipo mama yule, huku anakaza vigingi, akaanza kuzungumza nami.

Aliniuliza kama najua banjo imetoka wapi. Nikasema nimesikia Afrika Magharibi. Akanieleza habari za akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia: kibuyu kilichowambwa ngozi, nyuzi tatu, mmoja mfupi, na mkono unashuka vilevile kama wake. Akanieleza habari za Joe Thompson, mpiga fidla mweusi wa Mebane, North Carolina, aliyefariki 2012 akiwa na miaka 93. Vijana waliokutana kwenye mkusanyiko wa wapiga banjo weusi mjini Boone, 2005, walikwenda kukaa miguuni pake wakajifunza vibao vyake, na ndio waliounda bendi ya Carolina Chocolate Drops. Makampuni ya santuri ya miaka ya 1920 yaligawa orodha zao mbili, weusi kule na wazungu huku, na muziki wa fidla na banjo ukawekwa upande wa wazungu. Bendi nyingi za weusi zilizoupiga hazikurekodiwa kamwe. Nikamtajia Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Alinitaka nilirudie jina, akaliandika kwenye simu.

"Na hapa tulipokaa," akasema, "ni petu." Kambi ile, Camp Washington-Carver, ilifunguliwa 1942 kwa ajili ya vijana weusi wa West Virginia wakati wa ubaguzi. Lile jengo kubwa la magogo ya mchestinati nililokuwa nikilipita kwenda kuchota maji ndilo lilikuwa lao. Nilitazama duara letu: weusi tulikuwa wawili. Yeye hakutazama, alishaijua hesabu.

Baadaye akaja kijana mmoja na banjo yenye mgongo wa mbao, amevaa vyuma vya kudonolea vidoleni. Alikaa, akasikiliza raundi moja, akaingia. Alikuwa hodari, noti zinamtoka kwa kasi ya mvua, na kila mwisho wa sehemu alimtazama mzee akisubiri apewe zamu. Mzee hakumkataza wala hakumkaribisha. Alifumba macho akaendelea. Raundi ya nne au ya tano kijana akaelewa kwamba zamu haiji. Akaaga kwa adabu, akaondoka. Mimi nilimwonea huruma kidogo. Lakini ukweli ni kwamba alipoondoka kibao kilipumua.

Kibao cha mwisho kilikuwa cha ki ya A, chenye kasoro ya makusudi: sehemu ya pili imezidishwa mapigo mawili, kwa hiyo anayehesabu anapotea na asiyehesabu anafika. Niliacha kuhesabu. Mzee akainua mguu. Mama akatikisa kichwa kumkatalia, mzee akacheka bila sauti, akauteremsha mguu, tukaenda tena. Ikawa mchezo: mguu juu, kichwa kikatikiswa, mguu chini. Watu wa mahema ya jirani walishatoka, mmoja akaleta ubao wa plaiwudi, akaulaza kwenye nyasi akaanza kuugonga kwa viatu vyake. Kumbe ngoma ilikuwa njiani muda wote ule. Hapo nikajiruhusu ubishi, kidogo tu, nikimjibu yule mwenye viatu, na hakuna aliyenitazama vibaya.

Kesho yake mwenye besi alipata nafuu. Duara moja besi moja, ndiyo kanuni, nami sikuwa na hoja: kidole changu cha shahada kilishachubuka kwa ule uzi wa kufyekea. Mama wa banjo alinifuata kabla hajafungasha, anataka vipimo vya sanduku la kidumbak. Nilimchorea nyuma ya ratiba ya tamasha, urefu wa fimbo, tundu la uzi, upande unaoachwa wazi. Akauliza sanduku la chai atalipata wapi. Nikamwambia hata kwetu ni shida, chai siku hizi inasafirishwa kwa mifuko. Tukaafikiana kwamba plaiwudi itafaa, ilimradi isiwe nene.