Mama wa mawese hakwenda kwenye ibada

Jumapili kulikuwa na ibada ya upatanisho. Jirani yetu hapa Gungu, Kigoma, mama aliyekimbia Burundi baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwaka 1993, hakwenda. "Nendeni tu, mwanangu. Mimi nikienda, usiku silali." Tuliporudi tayari alikuwa ameshasemwa: ana moyo mgumu, ana kisasi.

Mimi naona wamemwonea. Mama huyu ana meza ya mawese, na miongoni mwa wateja wake yumo mzee anayemjua fika kuwa ni wa upande ule mwingine wa mgogoro wa Burundi. Anamjazia chupa mpaka shingoni, anaifuta mafuta yaliyochuruzika, anamuuliza hali ya wajukuu. Siku mzee hana hela, anakopa. Kusimama naye mbele za watu na kutamka kwamba yameisha, hilo ndilo asiloliweza.

Na huenda mwili wake unajua jambo. Sierra Leone, vita vilipoisha mwaka 2002, baadaye viliandaliwa vikao vya vijiji: walioumizwa wanasimulia, waliotenda wanaungama, wanaombana msamaha. Mtafiti Oeindrila Dube na wenzake walilinganisha vijiji vilivyopata vikao hivyo na ambavyo bado, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Kwenye vikao watu walisamehe zaidi, wakaaminiana, wakachangia kazi za kijiji. Lakini sonona, wasiwasi na kiwewe viliongezeka, na karibu miaka mitatu baadaye bado vilikuwepo. Kijiji kilifaidika, bili wakalipa waliotoneshwa vidonda. (Wahubiri wetu wanaopenda saba mara sabini hawaigusi sehemu hii.)

Sisemi kunyamaza ni dawa. Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi na wakimbizi wa Burundi waliokimbilia Tanzania kutokana na mauaji ya mwaka 1972. Kambini Mishamo aliwakuta wakisimulia mauaji yale kila mara, na masimulizi hayo ndiyo yaliyowafanya wajione taifa moja lililo uhamishoni. Hapa Kigoma mjini wenzao walikuwa wamejichanganya, wanafanya biashara, wanaoa, wengine hata hawataki kutajwa kama wakimbizi. Tunajisifia sana mchanganyiko huo, ila kwa wengine ulikuwa pia kujificha.

Mchungaji ametangaza ibada nyingine mwezi ujao. Nitamfuata kabla, nimwombe safari hii asiulize nani hakufika.