Kondomu Ilipopasuka: Nilivyotumia Zile Saa 72

Kondomu ikipasuka, simama hapo hapo na utoke taratibu huku umeshika ukingo wa chini ili mpira usibaki ndani. Niliivua nikaimulika: mpasuko ulianzia kwenye chuchu (kile kifuko cha mbele cha kondomu) ukashuka hadi katikati, na kipande chote kilikuwepo. Kipande kikikosekana, mwanamke achuchumae akivute kwa vidole viwili.

Kisha kukojoa, kunawa sehemu za nje kwa maji, basi. Kujisafisha ndani kwa sabuni, siki, limau au dawa ya kuua vijidudu hakuui virusi vya UKIMWI (VVU) vilivyokwisha kuingia. Kunachubua ule utando laini, na utando uliochubuka ndio njia rahisi ya virusi kupita.

Mwenzangu nilimuuliza waziwazi: ulipima lini, unatumia ARV (dawa za kufubaza VVU), kipimo cha wingi wa virusi kilisemaje? Anayemeza ARV kila siku na virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Lakini "nilipima mwaka jana, niko salama" si jibu, nikalihesabu kama sijui.

Hapo ndipo PEP inapoingia, yaani dawa za kuzuia VVU zinazomezwa baada ya tukio la hatari. Mwisho wa kuianza ni saa 72, na wengi huzichukulia kama muda wa kutafakari. Sivyo. Dawa inawahi virusi kabla havijajichimbia kwenye chembe za kinga, kwa hiyo saa ya 5 ni bora kuliko ya 50. Kliniki ikiwa imefungwa, nenda kitengo cha dharura, na useme tangu mapokezi: "Nahitaji PEP, kondomu imepasuka saa fulani." Ukisema tu hujisikii vizuri, utakaa kwenye foleni ya malaria.

Watakupima VVU kwanza. Majibu ya siku hiyo hayasemi chochote kuhusu tukio lenyewe. Yanaonyesha kama ulikuwa navyo tangu zamani, maana PEP si tiba ya aliyekwisha kuambukizwa. Hupima pia figo, homa ya ini aina ya B na mimba. Majibu ya maabara yakichelewa, omba dozi ya kwanza uimeze papo hapo.

Mara nyingi ni kidonge kimoja chenye tenofovir 300 mg, lamivudine 300 mg na dolutegravir 50 mg, mara moja kwa siku, kwa siku 28. Kichefuchefu kikisumbua, meza pamoja na chakula. Usingizi ukipaa, hamishia asubuhi. Kinachowaponza wengi ni dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini, na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu: hushikana na dolutegravir tumboni isifyonzwe vizuri. Kidonge cha PEP kitangulie kwa saa 2, au kifuate baada ya saa 6. Ukisahau, meza ukikumbuka, ila usimeze viwili kwa pamoja. Aliyekutwa na homa ya ini B asiache dawa bila daktari kujua, kwani tenofovir inapokatishwa ini linaweza kuwaka upya.

PEP haizuii mimba. Kuna vidonge vya dharura vya kuzuia mimba: levonorgestrel 1.5 mg humezwa mapema ndani ya saa 72, na ukitapika kabla ya saa 2 kupita unarudia. Ulipristal 30 mg inakwenda hadi saa 120. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 kinazishinda zote. Levonorgestrel haigombani na dolutegravir.

Kisonono na klamidia hupimwa baada ya wiki 2, au mapema dalili zikijitokeza. Kaswende na VVU kwenye wiki ya 6, kisha wiki ya 12. Hadi majibu ya mwisho, ni kondomu kila mara na hakuna kuchangia damu.

Na kwa nini ilipasuka? Mpasuko wa kuanzia chuchuni unaweza kutokana na hewa iliyobanwa: chuchu haikubinywa wakati wa kuvaa. Sababu nyingine ni ukavu, kondomu kukaa kwenye pochi yenye joto, na mafuta ya mgando au ya nazi, ambayo hudhoofisha mpira wa lateksi kwa dakika chache tu. Tumia kilainishi cha maji au cha silikoni. Wasioweza kuacha mafuta watafute kondomu za poliuretani.