Watoto wa mbwa bustanini wakati wa baridi
Leo tumewapeleka watoto wetu wa mbwa kwenye bustani ya umma kwa mara ya kwanza tangu theluji ianze kuanguka, baada ya daktari wa mifugo kuturuhusu kwa kuwa wamekamilisha chanjo zao, ikiwemo ya parvo, ugonjwa hatari wa kuhara na kutapika kwa mbwa, ambao virusi vyake hudumu udongoni hata kwenye baridi kali. Yule jike mdogo alisimama akiinua mguu mmoja baada ya mwingine, kisha akatumbukiza pua thelujini na kupiga chafya. Kaka yake, mtundu kama kawaida, alikwisha kukimbia mbele. Hatukukaa sana, kwani mbwa wa umri huo hupoteza joto upesi. Nyumbani tuliwaosha nyayo kwa maji ya uvuguvugu, maana chumvi inayomwagwa njiani kuyeyusha barafu huwachubua, na wakiilamba huwadhuru.