Kadi ya harusi ya dada, wiki ya tatu: mwandiko umegoma

Jumamosi. Sampuli ya kwanza imetoka na sithubutu kuionyesha nyumbani. Natumia Great Vibes, fonti ya mwandiko wa kalamu ya Mmarekani Robert Leuschke, inayopatikana bure Google Fonts. Kwenye skrini ilipendeza. Kwenye ile karatasi ngumu yenye mikwaruzo, vistari vyembamba vimemezwa na herufi zimebaki vipande.

Kosa ni langu. Niliandika kadi nzima kwa fonti hiyo, hadi jina la ukumbi na namba za simu za kamati, kwa ukubwa wa pointi 11. Fonti hizi zinaiga kalamu ya ncha kali inayotanuka: ukishusha mkono unakandamiza, mstari unanenepa; ukipandisha unalegeza, unabaki uzi. Uzi huo kwa pointi 11 haufiki kwenye karatasi.

Jumapili. Nimebakiza majina mawili tu, pointi 44. Mengine yote yamehamia EB Garamond, fonti ya kawaida ya vitabu. Jina la dada lilikuwa fupi, nikaachanisha herufi kidogo lijaze upana, viungo vyote vikakatika. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mchora fonti Matthew Carter, alipochora fonti ya mwandiko Snell Roundhand miaka ya 1960, aliichorea mitambo ya kupanga chapa kwa picha. Enzi za herufi za madini ya risasi kila herufi ilikaa kwenye kibonge chake cha pembe nne, na herufi zilizolala zikashikana mikono zilikuwa taabu tupu. Nimerudisha nafasi kama ilivyokuwa, nikakuza jina.

Shemeji naye ukoo wake unaanza na Ng'. Hili limenila saa nzima. Ritifaa, ile alama ya ('), inaingia katikati, g inaachiwa mkono hewani, na jina linasomeka kama maneno mawili. Katika Inkscape, programu ya kuchorea, nimeipandisha ritifaa, kisha nikaisogeza herufi inayofuata hadi ikakutana na mkia wa g chini yake. Waliochora fonti hizi hawakuwa na ng'ombe.

Shangazi, mwenyekiti wa kamati, alitaka "BWANA NA BIBI" kwa herufi kubwa tupu, mwandiko uleule. Sikubishana, nilimchapishia. Akaishika mbali, akaisogeza karibu. "Mwanangu, hii kadi au waya wa antena?" Herufi kubwa za mwandiko zimechorwa kufungua neno, zikijipanga mfululizo kila moja inataka kupiga chenga.

Jumatatu. Nimegeuza majina kuwa mchoro kabla ya kutuma faili, maana mara ya kwanza kompyuta ya mchapaji haikuwa na fonti yangu ikaweka yake. Safari hii karatasi laini, gramu 300. Shangazi nimemtumia picha WhatsApp. Tiki za bluu tangu saa tatu, na mpaka sasa kimya.