Amani ikitimiza miaka 125, sherehe iletwe shambani

Mwaka 2027 kituo cha utafiti cha Amani, kule juu Usambara Mashariki, kitatimiza miaka 125. Mimi ni bibi shamba wilayani Muheza, nafanya kazi chini ya mlima huohuo, na kila tukiigusa hiyo miaka ofisini nasema jambo moja: sherehe isiishie kwenye mahema, fulana na hotuba za mgeni rasmi. Kazi kubwa kuliko zote iliyowahi kufanyika Amani haiko Amani tena. Ni kazi ya kuzalisha muhogo unaohimili magonjwa. Iko kwenye mashamba ya mihogo, na walioitunza mpaka leo ni wakulima.

Wapo watakaosema hesabu yangu ina kasoro. NIMR, taasisi ya serikali inayokimiliki kituo sasa, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, na kazi yake ni magonjwa ya binadamu. Kabla yake, pale palikuwa pa utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki. Yote kweli. Lakini mlima ni uleule, na baadhi ya nyumba ni za Wajerumani, ambao mwaka 1902 walifungua pale kituo chao cha kilimo na baiolojia, wakifuata mfano wa bustani ya Buitenzorg huko Java. Walileta miti kutoka kila upande wa dunia ili wajaribu ipi itastawi na kuwaingizia fedha. Ukipanda leo kutoka Muheza, ukapita Sigi na zile kona zote, unaikuta bado imesimama, imekuwa mikubwa kiasi cha kuvunja shingo ukiitazama. Mimi nahesabu kuanzia 1902.

Nianze na mti mmoja ambao kila nyumba ya Tanga inaujua: mpira. Sisemi ule mpira mkubwa wa matairi wa nchi za Asia. Nasema huu unaoota uani na kandokando ya njia, tunaouchuma majani yake kwa kisamvu. Kisamvu cha mpira kikitwangwa vizuri kikaungwa kwa nazi, kwetu ni chakula cha heshima. Mti huu asili yake ni Brazili, na ni ndugu wa damu wa muhogo. Wakati wa Wajerumani ulipandwa kwa wingi katika mashamba ya Tanga na Muheza kwa ajili ya utomvu. Mwaka 1913 bei ya mpira duniani ikaanguka kwa sababu mashamba ya Asia yalikuwa yameanza kutoa mpira mwingi na wa bei nafuu. Walowezi wakaachana nao, mti ukabaki na sisi, tukala majani.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Batobato ya muhogo, ugonjwa wa virusi unaokunja majani na kuyatia mabaka, ilielezwa kwa mara ya kwanza na Otto Warburg mwaka 1894, kutokana na mihogo ya Usambara hapa hapa. Ule mwingine, michirizi kahawia, unaoharibu mizizi, ulielezwa na H. H. Storey akiwa Amani, mwaka 1936. Kwa hiyo magonjwa yote mawili yanayoliza wakulima wa muhogo kuanzia Msumbiji mpaka Maziwa Makuu yaliandikwa kwanza kutoka kwenye vilima vyetu. Storey huyu alikuwa mtaalamu wa virusi vya mimea. Ndiye pia aliyefafanua jinsi panzi wadogo wanavyoambukiza mahindi ugonjwa wa milia, na kwamba uwezo huo wa kuambukiza panzi huurithi kwa wazazi wake. Wakati huo Waingereza ndio waliokuwa wakiendesha kituo.

Waliangalia mihogo ya kila namna wakitafuta mmoja usioshikwa na batobato. Waliyoipata haikutosha. Wakageukia jamaa zake wa porini, na kati ya hao ukawamo mpira wetu wa kisamvu.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana sehemu hii naipenda. Muhogo hutoa maua ya kike na ya kiume kwenye shada moja, na yale ya kike hutangulia kufunguka. Anayezalisha mbegu mpya hulifunika ua la kike kwa mfuko mwepesi kabla halijafunguka ili nyuki asimtangulie, kisha siku yake ikifika analipaka chavua aliyoichagua mwenyewe, analifunika tena, anafunga kibandiko chenye namba. Tunda likikauka linapasuka lenyewe na kurusha mbegu, kwa hiyo mfuko usipokuwepo umepoteza kazi yote. Na kila mbegu hutoa mche wake tofauti, mtoto asiyefanana na nduguye. Ni kipando cha shina pekee kinachotoa mmea uleule kama mama yake.

Watoto wa kwanza wa muhogo na mpira walikuwa na nguvu dhidi ya ugonjwa, lakini mizizi yao ilikuwa kama kuni. Ikabidi warudishwe kwa muhogo, wajukuu warudishwe tena, na vitukuu tena, mara tatu, kila kizazi wakichaguliwa wale waliobaki na kinga ya babu yao mpira na huku wakipata mzizi wa kulika. Kazi hiyo ilianza miaka ya 1930 chini ya Storey na R. F. W. Nichols, ikaendelezwa na D. L. Jennings miaka ya 1950. Hayo ndiyo majina yaliyoandikwa. Waliovaa makoti ya mvua kwenye ukungu wa Amani wakafunga mifuko, wakachimba, wakapima na kuonja mizizi, wengi wao walikuwa watu wa milima hii, na ripoti hazikuwataja. Kama kuna ubao wa kumbukumbu utakaozinduliwa mwaka 2027, naomba uanze nao.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kazi ya mihogo pale Amani ikasimamishwa. Kilimo kilikuwa kimehamia Muguga, Kenya, na Amani ikabaki na mbu.

Lakini mbegu zilikuwa zimeshasafiri. Baadhi zilipelekwa Nigeria, kwenye kituo cha Moor Plantation, Ibadan. Kutoka huko ukoo wa Amani uliingia mikononi mwa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo iliyopo Ibadan, ambako Mkorea Sang Ki Hahn aliutumia tangu miaka ya 1970 kuzalisha mihogo iliyoenea nchi nyingi za Afrika. Uganda ilipopigwa na batobato kali miaka ya 1990 hadi mashamba yakaachwa, mihogo iliyowainua tena ilikuwa na damu hiyo. Mpira wa uani kwetu umelisha Waganda.

Na iko ile iliyobaki hapa nyumbani, ambayo inanigusa zaidi. Kizazi kimoja cha Amani kilipewa namba 46106/27. Pwani ya Kenya wakulima wanakiita Kaleso. Kusini mwa Tanzania upo muhogo unaoitwa Namikonga, unaosifika kwa kuhimili michirizi kahawia, na watafiti waliopima vinasaba wameukuta ukifanana na Kaleso kiasi cha kuonekana ni mmea mmoja. Vituo vilifungwa, mafaili yakawekwa kabatini, wakulima wakaendelea kukata vipando na kupeana, jirani kwa jirani, mama kwa binti, miaka na miaka. Watafiti walipouhitaji tena, waliukuta shambani.

Kwa nini nalisimamia hili kwa nguvu? Kwa sababu ya ninachokiona kazini. Msimu uliopita nilikuwa kwa bibi mmoja anayelima mihogo nyuma ya nyumba yake. Shamba kwa mbali lilipendeza. Majani ya chini tu yalikuwa na manjano yanayofuata mishipa, ambayo mtu asiyejua angesema ni uzee wa jani. Akang'oa shina, mizizi mitano, minene. Akaukata wa kwanza kwa panga: ndani kuna mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu ulikuwa mweupe upande mmoja, akaukata upande huo akautia kwenye beseni.

"Bibi shamba, mwanangu, majani hayana neno. Mbona ndani hivi?"

"Shikamoo tena bibi, ndiyo michirizi hiyo. Mbegu ulipata wapi?"

"Kwa dada yangu Maramba. Shamba lake zuri kama hili."

Ndivyo unavyotembea. Nzi weupe wanausogeza hatua chache, sisi wenyewe tunausafirisha kwa baiskeli na bodaboda, ndani ya vipando tunavyopeana kwa upendo. Upendo huohuo ndio uliotunza Namikonga. Kinachokosekana ni mkulima kujua kipando kipi kisafi na akipate wapi.

Aina nzuri zipo. TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, ina vituo vinavyoshughulikia muhogo Kibaha, Naliendele na Ukiriguru, na utasikia majina kama Kiroba, Mkombozi, Kipusa, Chereko. Ila kijijini kwa bibi yule hakuna aliyewahi kuyasikia. Na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ugonjwa ule uliandikwa kwanza mlimani anaouona akifungua dirisha, wala kwamba mti anaochuma kisamvu chake ndio uliotumika kuutafutia dawa. Nilipomsimulia alinyamaza, kisha akauliza kama anaweza kupelekwa Amani akapaone. Hajawahi kufika.

Kwa hiyo maombi yangu kwa wote watakaoketi kwenye kamati ya maadhimisho ni haya. Wakulima wapandishwe mlimani kwa basi, wasiletewe vipeperushi. Wapikiwe kisamvu cha mpira, wasimuliwe habari yake na mtu anayeijua. Na kila kaya ishuke na mzigo wa vipando safi vilivyokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

Hili la mwisho haliwezi kuamuliwa mwezi mmoja kabla. Shina moja la muhogo lililokomaa hutoa vipando kumi hivi, na linahitaji karibu mwaka mzima shambani. Anayetaka kugawa vipando elfu kumi siku ya sherehe anahitaji mashina elfu moja safi yaliyopandwa masika ya mwaka uliotangulia, mbali na mihogo mingine, na mtu wa kuyapitia kila wiki kung'oa lolote linaloonyesha dalili. Kupitia na kung'oa nitafanya mimi. Nitafutiwe eneo na mbegu ya kuanzia.